Askari Aliyekosea Mraba

Binti alikuwa fundi cherehani, na sataranji aliijua kwa kuiona tu. Mwenyewe hasa wa mchezo alikuwa baba yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye kwa miezi minane alikuwa akipigana na fumbo moja maarufu: weupe waanze, na kwa hatua tatu mfalme mweusi abanwe asiwe na pa kukimbilia. Alilikuta gazetini, akalipanga ubaoni pale sebuleni, kisha gazeti akalichana. Jibu lilikuwa chini ya ukurasa, naye hakutaka kujaribiwa na shetani.

Kiharusi kilimkuta kitini, akaanguka na meza yake. Alipokuwa hospitali, binti yake aliokota kete moja moja chini ya makochi akazirudisha kwa kukumbuka-kumbuka.

Mzee alirudi mkono wa kulia umekufa na ulimi umefungwa. Tangu siku hiyo kila asubuhi aliutazama ubao, akapiga meza kwa mkono wa kushoto na kunguruma. Chakula alikisukuma.

"Akili imeshaondoka, dada, tusijidanganye," kaka yake alimwambia kwenye simu. "Jumamosi saa tisa nakuja kumchukua. Kuna nyumba ya kutunzia wazee, nimeshaongea na daktari wao."

Jumamosi fundi hakufungua duka. Aliupiga ubao picha, akaiweka kwenye kundi la wachezaji mtandaoni: "Baba yangu ni mgonjwa. Hili fumbo lina nini?"

Wa kwanza alimcheka. Wa pili, aliyejiita Bibi Ngome, aliandika: "Fumbo nalijua, lakini ulivyolipanga halifunguki hata kwa miaka mia. Huyo askari mweupe wa pembeni yuko mraba mmoja mbele ya mahali pake. Nikupe jibu?"

Fundi alimtazama yule askari. Ni mikono yake mwenyewe iliyomweka pale.

"Jibu hapana. Hilo ni la baba."

Akamrudisha askari nyuma mraba mmoja. Mzee aliacha kunguruma. Alimtazama binti yake, akautazama ubao, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Kisha mkono wa kushoto ukasogeza farasi.

Sasa weusi wajibu nini? Fundi akaandika mbio mbio. Bibi Ngome akajibu: "Mfalme aende kona." Akamsogeza. Mzee akatikisa kichwa: kaponyoka. Akaonyesha kwa kidole kila kitu kirudi mwanzo.

Saa nane na nusu. Mzee akajaribu ngome, weusi wakaponyoka tena. Jasho lilimtoka mzee kipajini, na binti akaogopa asije akamuua kwa mchezo.

"Baba, tupumzike?"

Mkono ukapiga meza. Hapana.

Gari likaingia uani. Kaka aliingia na funguo mkononi, akakuta dada yake ameinamia simu.

"Bado mnacheza? Begi lake liko wapi?"

"Kaka, nipe dakika kumi."

"Dada, usinifanyie hivi. Watu wananisubiri."

"Dakika kumi! Kaa."

Hakukaa. Mzee hakumtazama hata kidogo. Mkono wake ulielea juu ya ubao, ukashuka juu ya malkia, ukampeleka polepole mpaka pale askari wa adui anapoweza kumla, aliwe bure.

"Si unaona?" kaka alinong'ona. "Anamtoa malkia."

Fundi aliandika huku vidole vikiteleza. Nukta tatu zilicheza kwenye kioo, zikatoweka, zikarudi. "Mle huyo malkia," aliandika Bibi Ngome. "Weusi wakifanya lingine lolote, wanakufa vilevile. Mama, baba yako yuko sawasawa."

Akamla. Mzee akasogeza farasi. Mfalme mweusi akakimbilia mraba pekee uliobaki, na yule askari wa pembeni akapanda hatua moja. Kaka aliinama, akahesabu njia za mfalme kwa kidole, akahesabu tena. Zote zilikuwa zimefungwa.

"Baba," alisema, "siku zote hizi ulikuwa unatuelewa?"

Mzee aliinamisha kichwa mara moja.

Kaka aliweka funguo mezani, akatoka uani kumpigia daktari kwamba mzee haendi tena. Simu yenyewe haikuchukua muda, lakini alikaa huko kitambo, amewapa mgongo, kabla ya kurudi ndani.