Mfupa wa Hasna

Kwa miaka thelathini Hasna alinunua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, huko Lipingo, kwa meno. Aliingiza mkono hadi chini ya gunia, akatoa samaki mmoja, akamuuma kwa magego. Aliyekauka alivunjika. Mwenye unyevu alijikunja, na huyo angeoza kabla gunia halijapanda milima hadi sokoni Mbinga. Magego ya juu yalipong'oka, kwanza ya kulia kisha ya kushoto, wauzaji walipumua.

"Sasa utaniamini kwa macho, Mama," alisema Kilian, mkaushaji usipa.

"Macho yako au yangu?"

Hasna alijaribu meno ya kuvaa. Plastiki ilimfunika kaakaa, asisikie samaki wala mchanga. Akaenda Songea kwa daktari wa meno, Joakim, kijana wa Kimatengo mwenye shikamoo ndefu. Picha ilionyesha taya la juu limelika, limebaki jembamba kama ganda, na juu yake uwazi wa hewa. Skrubu za kushikilia meno zingetoboa hewa tupu. Ilibidi ngozi ya uwazi ule iinuliwe, chini yake uwekwe unga wa mfupa, usubiriwe ugande.

"Mfupa wa nani?"

Joakim aligeuza kiboksi, akasoma, akakirudisha mezani. "Huu wa nguruwe. Samahani, Mama. Naweza kuagiza wa ng'ombe."

"Nani alimchinja?"

"Kwenye boksi hawajaandika."

Nyumbani, shemeji yake Ramadhani alisema wapo masheikh wanaoruhusu, maana ni tiba. "Na kama moyo unakataa, acha. Bibi wa wajukuu sita, skrubu za nini?"

"Ulipobadilisha miwani nilikuuliza ya nini, shemeji?"

Akarudi Songea. "Toa mfupa kwangu."

Joakim alimweleza bila kumpamba: angekata nyuma ya taya la chini, vidonda viwe viwili, na mfupa wa mtu mwenyewe huweza kunywea. Angeuongezea unga wa kiwandani usio na mnyama ndani yake.

"Ongeza. Lakini wangu uwe mwingi."

Uso ulivimba. Alikunywa uji wiki mbili, akakatazwa kupenga kamasi, tena katika baridi ya Juni. Alikaa kibandani kwake sokoni akijifuta kwa pembe ya kanga huku wateja wakitazama pembeni.

"Ulikuwa mzima, ukaenda kujikatisha," alisema jirani yake Ottilia, muuza maharage.

"Nilikuwa kibogoyo. Usiniite mzima."

Baada ya miezi minane picha mpya ilionyesha weupe palipokuwa peusi. Joakim aligusa upande mmoja kwa kalamu.

"Wa kushoto umeshika, Mama."

"Ni wangu. Ungekataa ungekwenda wapi?"

"Wa kulia umenywea. Huko siwezi kuweka skrubu. Tungoje tena, au…"

"Weka kushoto," alisema Hasna. "Upande mmoja unatosha kuwasumbua wauza usipa."

Akalala kitini, akafungua kinywa kabla daktari hajavaa glavu.