Bizumuremyi Alivyoshusha Gari

Katika ukoo wao kila mtu alikuwa na sifa yake, na sifa ya Bizumuremyi ilikuwa kupendeza. Hakuisomea, alizaliwa nayo. Tangu alipovuka kutoka Goma akiwa kijana pamoja na wazazi wake, hadi alipostaafu kazi ya kuandaa karatasi za forodha pale mpakani, hakuna aliyewahi kumwona na kiatu chenye vumbi, tena katika mji wa Gisenyi ambao vumbi lake jeusi huingia hata kwenye sukari. Alipostaafu alinunua gari la umeme, la mkono wa pili lakini jeupe lisilo na doa, akaanza kubeba maharusi. Alilipendea ukimya wake.

"Gari ya mafuta inaongea sana," alizoea kusema. "Bibi harusi anapita, we unasikia injini. Hapa unasikia vigelegele tu."

Hata hivyo, kila familia ilipomtuma, halikukosekana jambo. Mara kasimama kupiga gari picha kando ya ziwa, mara karudi nyumbani kubadilisha tai. Kwa hiyo ukoo ulipokwenda kuposa mahali, gari lake liliwekwa mkiani, nyuma ya pikapu ya kreti za soda. Alivumilia miaka mingi. Lakini Manzi, mtoto wa marehemu kaka yake, alipopata mchumba huko Nyakiriba, Bizumuremyi alifunga tai yake nzuri, akaenda kwa shemeji yake Nyiramana, mama yake Manzi, na kumwomba jambo moja: siku ya gusaba, yeye ndiye ambebe msemaji wa ukoo.

Si ombi dogo hilo. Siku ya kwenda kuomba msichana, gari la msemaji ndilo linalotangulia, na hakuna mwenye adabu atakayelipita. Likifika kwa wakati, ukoo mzima umefika. Likichelewa, wenyeji wanapata kicheko cha kwanza, na kicheko cha kwanza hukumbukwa muda mrefu kuliko ng'ombe wa mahari.

Nyiramana, aliyefundisha Kifaransa sekondari hadi nywele zikaingia mvi, alimtazama kwa utulivu kama anayesahihisha insha.

"Shemeji, nitakupa mjomba Habimana umbebe. Lakini ujue, jina utakalobeba ni la kaka yako pia. Tukichelewa sitakuuliza sababu. Sitakuuliza kitu tena maishani."

"Mama Manzi, tutafika bado wanapanga viti."

Mtu mwingine angerudi nyumbani, akalala, akangoja siku. Bizumuremyi alikwenda moja kwa moja gereji, kwa Rugwiro, fundi aliyejifunzia kazi Kampala na aliyeamini kwamba gari, kama mtu, lina haki ya kuvaa.

"Nataka ivae viatu vya sherehe," Bizumuremyi alisema.

Rugwiro akamletea rimu kubwa zinazong'aa kama sinia za harusi, zenye matairi membamba yaliyokaza. Walipozifunga, wote wawili walirudi nyuma kutazama. Magurudumu yalikuwa mazuri, lakini gari lilionekana kama mwanafunzi aliyerefuka ghafla akabaki na suruali ya mwaka jana.

"Bosi, lazima tushushe," Rugwiro alisema. "Tunatoa springi, tunaweka fupi. Gari inakaa chini, inakuwa na heshima. Lakini usisahau, hii si gari ya mafuta. Tumbo lote huku chini ni betri. Ikigonga jiwe, anayeumia si bampa."

"Weka bamba la chuma chini yake."

"Nitaweka. Na utabeba nani?"

"Maharusi," Bizumuremyi alijibu, na hapo hapo kosa likaingia. Hakudanganya, kazi yake ilikuwa kubeba maharusi. Ila safari iliyokuwa mbele yake haikuwa ya maharusi.

Springi fupi zikaingia. Gari likashuka, likakaa chini kama chui aliyeona mbuzi. Bizumuremyi, mwembamba kama fimbo ya mchungaji, alilizungusha peke yake barabara ya ziwani. Akapanda dodani moja, tuta la kupunguza mwendo, akapanda ya pili, tumbo halikugusa. Vijana waliokuwa wakirudi kuogelea walipiga mluzi. Akarudi kwa Rugwiro na kumpa mkono kwa mikono miwili.

Asubuhi ya gusaba, abiria wakaja. Mjomba Habimana alikuwa mtu mkubwa kwa kila kipimo: kwa umri, kwa maneno na kwa kiuno. Alikaa mbele na fimbo yake kati ya magoti. Nyuma waliingia mashangazi wawili wa bwana harusi, wanawake wa afya njema, katikati yao Nyiramana, mishanana yao, mavazi ya sherehe, imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Kila mlango ulipofungwa, gari lilishuka kidogo. Mlango wa mwisho ulipofungwa, lilitoa pumzi.

"Hii gari iko inazama?" aliuliza shangazi wa kushoto.

"Inatulia, dada," Bizumuremyi alimjibu. "Ni style."

Mlima wa kutoka mjini haukuleta taabu, ila zile rimu kubwa zilikuwa zikilamba betri kama mtoto anayelamba asali, na Bizumuremyi akazima feni kimyakimya. Habimana alikuwa akijizoeza methali zake. Nyuma yao msafara ulijipanga vizuri, magari yote yamewasha taa, na pikapu ya soda mkiani. Bizumuremyi aliwatazama kwenye kioo na moyo wake ukajaa. Kisha wakaacha lami.

Njia ya kwenda kwa kina bibi harusi ilikuwa ya mawe ya volkano, yale meusi yenye meno. Jiwe la kwanza lilipita. La pili likakwaruza tumbo kuanzia mbele hadi nyuma, kwa sauti ya sufuria inayokwanguliwa ukoko.

"Yampayinka!" Habimana alipiga kelele, na methali zote zikamtoka kichwani. "Nini hiyo?"

Bizumuremyi akasimama. Mbele njia ilipanda, na mawe yalizidi kuwa makubwa. Angeendelea hivyo, bamba lingepasuka na betri kuharibika, na gari la msemaji lingekufa katikati ya njia, mbele ya ukoo wote. Angegeuka kutafuta njia nyingine, wangechelewa. Ilibaki njia moja, na kuitamka kulimtoa jasho hata ukosi wa shati ukalegea.

"Wazee wangu," alisema, bila kugeuza shingo, "naomba mushuke."

Alihisi macho ya Nyiramana kisogoni mwake.

"Kushuka!" alisema shangazi wa kulia. "Mi na hivi viatu?"

Lakini Nyiramana, kutoka katikati, alikuwa amekwisha nyoosha mkono na kufungua mlango. "Miguu tunayo," alisema. "Shukeni kama watu waliopanga kushuka. Mjomba, fimbo mbele. Hakuna kutazama chini."

Nao wakashuka. Na kwa kuwa haiwezekani mzee Habimana atembee na vijana wakae kwenye viti, gari la nyuma nalo likafunguka milango, na la nyuma yake, hadi kwenye pikapu ya soda. Ukoo mzima ukashika njia kwa miguu, mashati meupe na mishanana ya rangi, huku gari jeupe likiwa mbele likiyumba juu ya mawe, na ndani yake Bizumuremyi peke yake, ameketi kama mfalme aliyekuja na raia wake. Hakuwahi kuona aibu kama ile.

Wanawake waliokuwa wakivuna vitunguu waliinua migongo.

"Ayiwe! Munasindikiza gari?"

"Imechoka, muibebe mugongoni!"

"Tunanyoosha miguu, wamama!" shangazi wa kushoto aliwajibu bila kupunguza mwendo. "Nyinyi mukikaa kwenye kiti laini kama chetu mutajua miguu inalala!"

Walifika wakati wenyeji ndio wanaketi. Hawakuchelewa, na isisemwe popote kwamba walichelewa. Hawakusukuma gari pia, ijapokuwa hadi leo wapo wanaosema hivyo.

Lakini habari ilikuwa imetangulia kwa moto, pikipiki ya abiria, kama habari zote. Baada ya salamu na kinywaji cha kwanza, Nzabonimpa, msemaji wa upande wa msichana, mzee mdogo mwenye sauti ya tarumbeta, alisimama na kukohoa kwa furaha.

"Wageni wetu, tumefurahi kuwaona. Tumesikia mna gari lililochoka na watu, likawashusha njiani. Sasa nauliza, maana mimi ni mzee mwenye woga: mkipewa binti yetu, naye mtamshusha kwenye mawe, atembee na gauni lake?"

Hema zima likacheka. Hicho ndicho kicheko ambacho Nyiramana alikuwa ameogopa, kikaja hata bila kuchelewa. Habimana alisimama, akafungua kinywa, akakuta pumzi yake bado iko kule mlimani. Akaketi taratibu.

"Swali la gari," alisema, "lina mwenyewe."

Dereva hasemi kwenye gusaba. Hilo kila mtu analijua. Bizumuremyi alisimama, akaona uso wa shemeji yake, mkavu kama ubao ambao haujaandikwa kitu.

"Mzee Nzabonimpa," alisema, "gari halikushusha maharusi. Lilishusha watu wazima wa kwetu, nanyi mnawaona: mjomba huyu, mashangazi hawa. Kwetu tunakula! Jiwe lenu halikugombana na gari, liligombana na sahani zetu. Binti yenu akiingia kwetu hatalala njaa, ushahidi umeketi mbele yenu. Na siku ya harusi atapanda gari lile peke yake. Hatashuka kwa jiwe hata moja."

Kicheko kilipasuka, safari hii pande zote mbili. Shangazi wa kulia alicheka hadi akashikilia mshanana wake.

"Peke yake?" Nzabonimpa aliuliza.

"Peke yake."

"Mmesikia?"

"Tumesikia!" wenyeji waliitikia, na binti akaombwa, akazungushwa maneno kama ilivyo desturi, akatolewa.

Jioni, wakiwa wamelipanda tena gari kwenye lami na kushuka mjini, likijirudishia umeme mteremkoni, Bizumuremyi alingoja hukumu. Walipofika kwenye taa za Gisenyi, Nyiramana aliinama mbele.

"Umesema peke yake," alisema.

"Shemeji, ulikuwa muzaha."

"Mbele ya wakwe hakuna mzaha. Umesema kwa jina letu, na umesema vizuri. Sasa neno lako tutalitimiza."

Siku ya harusi, jamaa za msichana walipanga mstari kando ya mawe yao, wengine wamechuchumaa ili wasikie vizuri. Gari lilipita juu ya mawe taratibu, bibi harusi ameketi katikati ya kiti cha nyuma na maua yake, na tumbo halikugusa popote. Nzabonimpa mwenyewe alipiga makofi.

Kasheshe ilitokea mbele ya kanisa, ndoa ikiwa imefungwa. Manzi alishika mlango wa gari ili aingie kando ya mkewe, akakuta mkono wa mama yake juu ya mkono wake.

"Atakaa peke yake."

"Mama! Mi ndio bwana harusi! Na hapa ni lami tupu!"

"Hatukusema mawe tu. Tulisema siku ya harusi. Familia ya mkeo yote iko pale inatutazama."

Manzi akawatazama. Kweli walikuwa wakitazama. Akashusha mabega, akaita moto, nayo ikawa ya umeme. Akavaa helmeti juu ya suti, maua yakiwa bado kwenye koti. Hivyo ndivyo msafara ulivyopita ufukweni: mbele gari jeupe lililoinama chini, rimu zikimeta, bibi harusi peke yake akipunga mkono na kucheka hadi machozi, na nyuma yake bwana harusi juu ya moto kama mlinzi wa rais. Watu walitoka hotelini kutazama, simu zikiwa juu.

Haukupita muda mrefu wateja wakaanza kuja. Mmoja kutoka Nyamyumba, mwingine hapo hapo Nengo, kila mmoja akitaka ile ya bibi harusi peke yake na bwana harusi nyuma kwenye moto. Rugwiro alijitolea kurudisha springi ndefu. Bizumuremyi alikataa hata kumsikiliza. Ukoo ulipokwenda kuposa tena, Nyiramana mwenyewe alimtuma atangulie, msemaji akiwa abiria wa pekee garini, tena mwembamba.

Mgeni mmoja wa Kigali alimuuliza mjane huyo, kwa adabu, ile mila nzuri ya bibi harusi kuketi peke yake ni ya wapi.

"Ya kwetu," Nyiramana alijibu.

Bizumuremyi hakusikia. Alikuwa amemfungulia bibi harusi mwingine mlango, na kwa heshima zote alikuwa akimwomba mama mmoja mnene, aliyekwisha ingiza mguu wa kwanza, autoe.