Sentensi ya Ng'ombe na Friza

Asubuhi moja ukurasa wangu wa kuuza sato, wafuasi elfu ishirini, uliniuliza mimi ni nani.

Kumbe mtu keshabadilisha neno la siri na namba ya simu. Nilichanganyikiwa jamani! Friza imejaa samaki, oda zinaingia, na anayezijibu siyo mimi.

Wenye mtandao wakanijibu kwamba tunaodai ukurasa ule tuko wawili. Atakayeandika sentensi ya siri iliyowekwa siku ya kuufungua, ndiye mwenyewe. Kila mtu nafasi moja.

Nikamkimbilia Obedi, fundi simu wa Buzuruga.

"Kwani wao sentensi yangu hawanayo?"

"Hawana, dada Getruda. Waliisaga, wakabaki na mkorogo wa herufi na namba. Ni kama unga, haurudi kuwa mahindi. Ukiiandika wanaisaga tena. Mikorogo ikifanana, umepona. Ukibadilisha hata neno moja, imekula kwako."

Sentensi niliikumbuka. Ilihusu baba mkwe kuuza ng'ombe wake ili mimi nipate friza. Mzee wa Kisukuma kuuza ng'ombe kwa ajili ya mkamwana! Siku ile nililia.

Nikarudi nyumbani Kiseke, nikamsimulia mume wangu Ngosha. Akawa ananikwepa macho.

"Mama Precious, usikasirike. Nestory aliniuliza kuhusu hiyo sentensi, nikamwambia."

Nestory! Mpiga picha wangu, niliyemfukuza mwezi uliopita.

"Ulimwambia yote?"

"Yote. Mpaka jina la mzee."

Nikakaa, nikasimama, nikaenda uani, nikarudi. Nikaandika ya kwangu, nikatuma. Halafu nikaanza kuosha masufuria ambayo tayari yalikuwa safi.

Saa nane mchana simu ikalia. Umethibitishwa. Jibu la mwenzako halikulingana.

Nikapiga kelele hadi jirani akaja mbio.

Ngosha haamini. "Mbona nilimwambia vizuri kabisa?"

Alimwambia vizuri, ila kama mtoto wa mzee. Alimtaja baba yake kwa jina. Mimi ni mkamwana, na kwa mila zetu mkamwana hamtaji mkwe kwa jina. Jina la mkwe wangu sijalitamka tangu niolewe, wala kuliandika, hata nikiwa peke yangu na simu yangu.

Niliandika hivi: "Babu Precious aliuza ng'ombe nikapata friza."

Nimeshaibadilisha, msijisumbue.

Ndugu zangu, siri iandikeni kwa maneno yenu wenyewe, yale mnayoongea nyumbani. Na waume zenu msiwaambie.

Mnataka kujua jina la mzee? Kamuulizeni Nestory.