Sweta ya Vifungo

Fundi wa sweta amekufa. Wacha niseme hivyo moja kwa moja, wasomaji wangu, kwa sababu wiki nzima nimezunguka na hayo maneno kama mtu amebeba sufuria ya moto na haoni mahali pa kuiweka. Alhamisi alikuwa ananicheka kwa simu, ati nimechagua uzi wa rangi ya uji wa wimbi. Ijumaa asubuhi binti yake akaniflash, nami nikampigia na furaha yangu yote nikidhani sweta yangu iko tayari. Mtoto, ambaye kama mama yake huniita Cucu, yaani nyanya, akasema, "Cucu, mama ameenda." Nikamuuliza ameenda wapi. Sasa mimi ningejuaje? Wa kwenda ni mtu wa umri wangu, si mtu wa hamsini na kitu, mwenye meno yake yote. Nilikaa chini pale jikoni juu ya gunia la makaa, na rinda nimetoka kuipiga pasi. Daktari alisema ni mshipa wa kichwa ulipasuka, presha ambayo yeye hakujua anayo.

Huyu mama alikuwa jirani yangu huku Kangemi, na kazi yake ilikuwa tao, huko mjini kati, kwa jumba moja la ngazi nyingi upande wa chini, akifuma sweta za shule kwa mashine. Nakumbuka kwenda kwake Julai moja, ile baridi ya kufanya askari wa mlangoni ajifunge shali kama bibi harusi. Nikamkuta amezungukwa na sweta mpaka kiunoni, dirisha liko wazi, na yeye amevaa rinda isiyo na mikono, jasho linamtoka puani. Mama mmoja wa Kitisuru alikuwa amesimama mlangoni na koti lake zito, anaogopa kuingia. Nikamwambia, "Fundi, wewe huuzi hizi sweta, unazikimbia." Akanijibu bila kuinua macho, "Cucu, mimi nafuma tu. Kuvaa ni kazi ya wenye baridi." Tulicheka. Lakini niliona hata kope zake zimelowa.

Alikuwa ameshatibiwa malaria mpaka amechoka. Usiku anaamka shuka imeloa, asubuhi anaenda kwa duka la dawa, anapewa vidonge. Wakipima damu, haina kitu. Tumbo likaanza kutoka kidogo. Siku zake zikawa zinapotea, zinarudi, zinapotea tena. Akawa mkali, mtoto akiangusha kijiko yeye analia. Na alikuwa mjane. Sasa unajua vile kanisa letu liko. Mjane akionekana na tumbo anatengwa, hakaribii meza ya Bwana, anatolewa kwa chama cha akina mama. Na kwake ilikuwa mbaya zaidi, maana wateja wake wengi walikuwa hao hao akina mama. Jina likiharibika kanisani, mashine inanyamaza tao.

Jumamosi moja wanakamati wa hicho chama wakanipitia, wakaniambia twende tukaombee mgonjwa. Nikajifunga kitambaa, nikaenda na moyo safi. Akatupa chai, yeye akajiwekea maji. Tukaomba vizuri. Halafu mwenyekiti wa akina mama akakohoa, akasema, "Mama, sisi ni wazazi wenzako. Hiyo kitu iko na miezi ngapi?"

Kumbe ndiyo safari yenyewe. Fundi akaangalia tumbo lake, akatuangalia sisi, akasema polepole, "Iko na miaka miwili. Na baba yake ni umri."

Akatueleza kwamba alipochoka na malaria isiyoonekana alienda kliniki, nesi mmoja mtu mzima akamkalisha chini. Si mimba, si mapepo, si ugonjwa. Ni homoni, zile za kupanga siku za mwanamke, zinapotea na kurudi kama stima ya mtaa wetu mpaka ile siku zitazima kabisa. Nesi akamwambia apunguze chai moto na pilipili jioni, alalie shuka ya pamba, atembee kwa miguu kila siku. Ikimlemea, dawa iko, lakini aandikiwe na daktari, asinunue ya kutembezwa. Na damu ikija kama mfereji, au ikirudi baada ya mwaka mzima bila kuonekana, asingojee maombi, akimbie hospitali. Akamaliza, akamgeukia mwenyekiti. "Na wewe, hiyo leso unajipangusa nayo shingo kila ibada, ni miezi ngapi?"

Mwenyekiti akaiweka leso chini kama imemchoma. Ndipo yule mama mkubwa, ambaye hata mchungaji humwogopa, akasema na sauti ya mtoto, "Mzee wangu alihamia chumba cha vijana. Anasema analala na jiko."

Jamani nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Nami nikawaambia ya kwangu, vile mama mkwe wangu aliniletea mganga nikiwa na miaka arobaini na nane, ati nimerogwa na mke mwenza, na mzee wangu hakuwahi kuoa wa pili. Kila mmoja akatoa yake. Jua likazama tukiwa hapo. Miaka yote tumekaa benchi moja, tumeoshana vidonda, tumezikiana watoto, na hili moja hatukuwahi kuliambiana.

Sasa sweta ya chama, ile tunavaa sote kanisani, ilikuwa ya kuingiza kichwa. Kuivua kanisani, kitambaa kinaanguka, mvi zote nje. Fundi akatufumia mpya, ya vifungo mbele. Wazee wa kanisa wakauliza kwa nini, mwenyekiti akajibu ni mtindo. Jumapili katikati ya mahubiri unaona vifungo vinafunguka benchi nzima, halafu vinafungwa. Mchungaji alidhani ni neno linatuchoma.

Juzi tulienda mochari kumvalisha. Matangani nilikuwa nimesikia mtu ananong'ona ati ni ile joto ilimmaliza. Si joto. Dada yake alikuwa ametoka nyumbani na sweta mpya nzito, ya shingo ndefu, amenunua kwa upendo, akisema mtu azikwe amefunikwa. Mwenyekiti akamshika mkono. "Dada, huyu hawezi na hiyo." Akavua sweta yake mwenyewe, ya kwanza kabisa fundi kumfumia, tukamvalisha. Dada akauliza, na vifungo? Mwenyekiti akasema, "Acha wazi."

Nilitoka hapo na jambo moja, na ndilo nawaachia. Ukimwona mama wa makamo amefungua dirisha Julai, usimhesabie miezi. Mwachie kiti cha karibu na hilo dirisha, umpeleke kliniki, na mkifika mwambie nesi apime na presha pia. Sisi tulikuja kuambiana kila kitu, hata nani analala na taulo. Presha, hakuna aliyemuuliza.