Kamera Niliyoifunga kwa Leso

Sikufanya kosa lolote. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu wakisikia habari hii huuliza kwanza nilikuwa nimefanya nini. Nilikuwa nanyonyesha. Asubuhi, mlangoni pa jiko langu mwenyewe.

Tulikuwa tunakaa kwa wazazi wa mume wangu, upande wa Ekalakala. Yeye alikuwa fundi wa pikipiki pale sokoni. Wikendi walikuja vijana wa Nairobi na pikipiki zao ndefu za kuruka mawe, wakamlipa awaonyeshe njia za vilimani na za mchanga wa mto uliokauka. Mmoja akamwachia kamera ndogo ya kanda, amrekodie njia yote ya kuteremka mlima kabla hawajarudi.

Shida ilikuwa kuifunga. Kwanza aliifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Tulipoangalia, picha ilitetemeka mpaka nikasikia kichefuchefu. Akaihamishia kwenye tangi, juu ya kipande cha sponji alichokata kwenye godoro letu. Sikuulizwa habari ya godoro. Picha ikatetemeka vile vile. Akaifunga kwenye helmeti, ikamvuta shingo na kuangukia mchangani.

"Huyu mtoto unapanda naye hayo mawe yote na haamki," akaniambia. "Kwani unamfungaje?"

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado mchanga. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake, na mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe. Kwa hiyo mtoto niliyemzaa mimi sikuweza kumwita jina lake. Nilimwita Mzee. Hiyo ndiyo nthoni, aibu na heshima kwa pamoja. Sikuketi chumba kimoja na baba mkwe, sikumpa kikombe mkononi, na yeye hakukaribia jikoni bila kukohoa. Kila jioni alikohoa nje mara moja, nami nikampa mama mkwe mtoto ampelekee. Hivyo ndivyo walivyojuana, mzee na Mzee.

Asubuhi hiyo mume wangu aliniita nimfunge kamera kifuani. Nikamwambia ngoja mtoto amalize. Akasema jua likipanda picha itakuwa nyeupe tu. Basi nikatoka hivyo hivyo, mtoto mkono mmoja, leso ninayombebea mkono wa pili na meno. Niliipitisha chini ya kwapa, nikaikaza chini na kuilegeza kidogo juu, ili mwili ndio upokee mtikisiko, kamera ilale tu.

"Simama wima. Unajipinda kama mgonjwa."

"Unaninyonga."

"Na unyongeke. Godoro liko na shimo, nguo ziko kwa beseni, na mimi niko hapa nafunga mtu televisheni."

Mzee akaachia titi, akageuka kukitazama kile kijicho cha kioo. Sikujifunika. Ningejifunika na mkono gani?

Mume wangu alikuwa ameshabonyeza kurekodi, asije akahangaika na leso baadaye. Hakuniambia.

Jumapili aliazima televisheni na betri ya gari, majirani wakajaa sebuleni kwa wazazi wake. Baba mkwe alipewa kiti cha mbele, maana alikuwa amebisha kwamba hakuna mashine ya kuteremka pale yeye anapoteremsha mbuzi. Mimi nilisimama nje, dirishani, mahali pangu, Mzee mgongoni kwa leso ile ile.

Kilichotokea kwanza hakikuwa mlima. Lilikuwa titi langu, limejaa kioo kizima, na sauti yangu ikisema unyongeke.

"Hii ni njia gani hii?" jirani mmoja akauliza. "Hii iko na kona mbaya."

Wakacheka. Mume wangu alipapasa vibonyezo asipate cha kuzima. Baba mkwe alichukua kofia yake magotini, akajifunika uso nayo, akatoka hivyo, mkono mmoja ukitafuta mlango kama wa kipofu. Alipita karibu nami. Niligeukia ukuta. Mzee mgongoni alimwona, akamwita kwa ile sauti yake ya kuita. Hakujibiwa.

"Kwani nilijua?" mume wangu akasema baadaye. "Ni mtoto ananyonya. Nani hajawahi kuona mtoto akinyonya?"

"Baba yako hajawahi kuniona mimi."

"Nitaifuta hiyo kanda."

"Ufute. Na macho yake utayafuta na nini?"

Mama mkwe aliniambia polepole, "Mwana wakwa, mwanangu, ungejifunika." Nikamjibu sina mkono wa tatu. Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo. Kisimani wanawake waliulizana habari ya kona, na mimi, niliyekuwa na mdomo wa kumjibu yeyote, nilijaza mtungi nikiangalia chini.

Kikohozi hakikuja tena. Baba mkwe alianza kupitia nyuma, kwenye ua wa mkonge. Jioni ikifika, Mzee alikuwa anageuza kichwa mlangoni, anangoja, kisha analia. Ningeweza kumkasirikia mume wangu, majirani na wale vijana wa Nairobi. Yule aliyejifunika macho kwa ajili yangu sikuweza kumkasirikia.

Wiki iliyofuata mume wangu akaja tena kutaka leso.

"Funga na shati lako," nikamwambia. "Na kabla hujaenda mlimani, peleka mbuzi wa kuomba radhi kwa baba yako. Wewe ndiye uliyemkalisha mbele."

Alinung'unika, lakini alipeleka. Wazee walichinja wakala, wakasema yameisha. Mimi sikuulizwa kama yameisha.

Siku chache baadaye kikohozi kikasikika, mbali, huko kwenye zizi la mbuzi. Mzee alirusha miguu. Mama mkwe akamchukua, akatembea naye mpaka kule, nami nikabaki jikoni. Nilikuwa nimevaa sweta la mume wangu, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na bado mikono yangu yote miwili ilikuwa kifuani.