Ya Mbao ama ya Chuma

Mkicheka nitanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikoniletea hii aibu, kwa hivyo ngojeni nimalize.

Ilikuwa zile wiki mbaya baada ya kura. Nilikuwa nimetoroka Silanga, kule Kibera, nikaja kukaa kwa shangazi yangu Kawangware, na mlango wake wa mbao ulikuwa umepigwa mateke na watu tusiowajua hadi kitasa kikang'oka. Ndani tulikuwa mimi, yeye na watoto wake, na kama giza lingeingia kabla mlango haujafungika, hakuna ambaye angelala. Shangazi akapata ukanda wa chuma wa kukazia mlango, bolti, na drili ya mkono ya kuzungusha aliyoazima kwa fundi wa kanisani kwao, ila haikuwa na biti, kile kichuma cha kutobolea. Akanituma duka la hadwea nikanunue, yeye akaenda kuchota maji.

Sasa, sisi ni Wakamba wa Kitui, na mimi nikisema "biti" inatoka "mbiti", ambayo kwetu ni fisi (shuleni walinicheka mpaka nikazoea kutosema). Siku hizo mtu alipimwa kwa matamshi yake, na sisi hata hatukujua tunahesabiwa upande gani. Kwa hivyo nikaonyesha kwa kidole. Muuzaji akauliza, "Ya mbao ama ya chuma?"

Nikaitika kwa kichwa.

Akaniangalia, akangoja, akachoka, akanipa moja yenye ncha kama msumari. Ilikuwa inang'aa, nikaridhika.

Nikaufunga ule ukanda kwa waya upande wa ndani wa mlango, nikasimama nje, nikazungusha. Mbao ilipitika kama mkate, hata nikajiona fundi, halafu biti ikagusa chuma na kuanza kulia, mlio wa kukwaruza meno, nami nikadhani inataka nguvu, nikaegemeza tumbo, ikalia zaidi, na wapangaji wote wa ile ploti wakasikia kuna mtu anatoboa mlango. Akina mama wakaita watoto ndani. Mwenye ploti akatokea na vijana wawili, mmoja ana panga, na hakuna aliyenijua.

"Kijana, unatengeneza ama unavunja?"

Nikaitika kwa kichwa.

Akarudia polepole, nami nikaitika tena, kwa adabu zaidi. Wakaniketisha chini kwenye matope, drili ikining'inia mlangoni, na mama mmoja akisema hata haya sina, nakubali tu. Shangazi alinikuta hapo, mtungi mgongoni.

"Huyo ni wangu," akawaambia. Kisha akanigeukia. "Na wewe, huo mdomo ni wa chai tu?"

Akaichomoa ile biti, ncha ilikuwa imeisha kabisa, akanirudisha dukani kabla hawajafunga. Mwenye ploti alinifuata (kunisindikiza ama kunichunga, sijui mpaka leo). Nikasimama mbele ya muuzaji.

"Nataka mbiti ya kupita mbao na chuma."

Akainua kichwa. "Kumbe unaongea. Basi chukua mbiti ya chuma, hiyo inapita zote. Ile ya mbao ikifika kwa chuma inakufa."

Mbiti. Alisema mbiti, kama mimi tu. Nikamgeukia mwenye ploti kuona kama amesikia, naye akauliza tu kama tumemaliza, maana giza linaingia.

Mlango ulifungika na tukalala. Mambo mengi ya mwezi ule bado siyaelewi, lakini swali likiwa na "ama" ndani yake, mimi siku hizi nalijibu kwa mdomo, hata wakitoka fisi.