Mashine Niliyoiondoa Likasi

Mdomo huponza kichwa, na safari hii ilitokana na mdomo wangu. Katika mkutano wa sisi wenye karakana hapa Lubumbashi, nilisimama nikasema kwa kishindo kwamba mkoa wetu hauwezi kuishi kwa kuchimba mawe na kuyapakia kwenda nje tu. Viwanda vinakufa kimoja kimoja. Basi tuchonge wenyewe majembe, vipuri na visagio vya mahindi. Nilipigiwa makofi mengi. Tatizo ni kwamba sikuwa na mashine ya kukereza chuma. Baadaye nikasikia kuna karakana Likasi, mtaa wa Panda, iliyofungwa miaka mingi, na mrithi wa mwenye mali anauza mashine moja iliyobaki. Tukaelewana kwa simu.

Asubuhi na mapema tuliondoka, mimi na Ilunga, dereva wa lori la kukodi. Njiani tulipishana na malori ya shaba yakielekea mpakani, na kila moja likipita nilimhubiria Ilunga: mali yetu hiyo, inaondoka mbichi! Ilunga si mtu wa maneno mengi. Alisubiri nipumue, akauliza, "Na siye tunaenda kubeba nini?" Nikacheka sana.

Kabla ya adhuhuri tuliingia Likasi, mji wa barabara pana na nyumba za matofali walizojengewa wafanyakazi wa zamani. Nilitarajia kumkuta mlinzi peke yake. Badala yake nilikuta karakana imefagiliwa, na ndani wamesimama wanaume wazima, wengine wenye mvi, wamevaa mabwelasuti ya buluu yaliyopigwa pasi na kofia ngumu za kazi. Baadhi yalikuwa yamewabana, mengine yakiwaning'inia. Kila mmoja alisimama mahali pake pa zamani, ingawa mashine zilikwisha kuondolewa na sakafuni zilibaki bolti zilizozishikilia tu. Iliyobaki ilikuwa moja, katikati, imepakwa mafuta ya mawese hadi inang'aa.

Papa Kabange, aliyekuwa msimamizi wao, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu, patron. Bantu boote balishafika. Zamani, muntu akikuya kuangaria mashini, kesho yake banaandika bantu kazi. Mulinzi alituambia unakuya. Njo tukavaa."

Kumbe walivaa wakingoja kuandikwa kazi. Hapo ndipo ningepaswa kusema kwamba nimekuja kununua tu. Sikusema. Nilizunguka sakafu ile nikitikisa kichwa kama mkaguzi, nikiwapa mkono mmoja mmoja, na kila mmoja akanitajia kazi aliyokuwa akiifanya.

Saa ya kula, Mama Espérance, mke wa Papa Kabange, alileta bukari, ugali wetu wa huku, na samaki wa ziwa Tshangalele. Samaki mkubwa kuliko wote aliwekwa mbele yangu. Mama ni mtu wa kanisa la maombi, akafumba macho: "Asante Yesu, ulituma muntu ya kufungula kazi." Wakatoliki wakafanya ishara ya msalaba, wengine wakaitika amina kwa sauti. Mimi nikamega bukari. Niliona aibu kubwa, na bado nilikula, nikamaliza.

Baada ya kunawa mikono nilisema, macho yangu yakiwa kwenye sahani tupu.

"Bapapa, miye sikukuya kufungula. Nilinunua ile mashini. Inaenda Lubumbashi."

Mtu mmoja alivua kofia yake, akaipakata. Mama Espérance ndiye aliyeuliza.

"Mbona haukusema mbele ya kula?"

"Mama, nilisikia haya."

"Ile haya, njo ulikula nayo?"

Uso uliniwaka moto. Hadi leo, nikikumbuka swali lile, unawaka tena.

Alasiri niliwaambia mimi na Ilunga tutatafuta vijana wa kupakia. Papa Kabange akakataa. "Bataipinda. Hapana. Siye njo tutaipakia." Wakafunga mnyororo wa kunyanyulia, kila mtu akashika nafasi yake, na kwa amri fupi za mzee yule mashine ikapanda lorini bila mkwaruzo. Ilikuwa kazi ya kwanza kufanyika mle ndani baada ya miaka mingi, na sikuona kilichobaki cha kufanyia nyingine.

Ilunga alipowasha injini, Papa Kabange alikuja dirishani.

"Patron, mashini ulishaibeba. Siye utatubeba lini?"

Hakuwa akitania. Nilimjibu kwamba nitapiga simu, na sote wawili tulijua hilo ni jibu la namna gani. Njia nzima ya kurudi sikuhubiri.

Lubumbashi wenzangu waliizunguka mashine wakisema nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Mmoja akauliza kama ni kweli Likasi imekufa. Nikamjibu kwamba watu wa kazi nimewaacha hukohuko, wazima, wamevaa.

Nilichojifunza ni hiki: nilichokiita kufufua mkoa kilikuwa kuhamisha tu. Mashine inafanya kazi vizuri mno. Simu sijapiga, kwa maana Papa Kabange ataniuliza nafasi ziko ngapi. Karakana yangu ina nafasi ya mtu mmoja tu wa kuendesha mashine hiyo, na nafasi hiyo nimeikalia mimi.